Idadi Ilitimia, Mtoto Hayupo

Yapo maneno ambayo baadhi ya wasomi hupenda kuyatamka wanapomwona mtu mzima akitazama filamu ya kuchekesha kwa mara ya tano au ya kumi. Husema ati huo ni uvivu wa akili. Ati aliyekwisha kuujua mwisho wa hadithi hana cha kutafuta tena mwanzoni mwake. Nimeyasikia haya katika vyumba vya walimu na katika maofisi ya chuo, na aghalabu mfano unaotolewa ni ule ule: filamu ya Home Alone, ile ya mtoto wa Kimarekani aliyeachwa nyumbani peke yake na jamaa zake waliosafiri kwa Krismasi. Kila ifikapo Desemba, shule zikiwa zimefungwa, filamu hiyo huingia sebuleni mwetu kama mgeni asiyehitaji kualikwa, na kila Desemba wenzangu hao husikitika.

Mimi nashikilia kinyume. Nadai kwamba kuitazama filamu hii mara ya kwanza ndiko kuitazama vibaya zaidi, kwa sababu mara ya kwanza mtu hucheka wezi wakipigwa, akakosa kuona kwamba amekuwa akisimuliwa hadithi ya maneno: maneno yaliyotamkwa kwa hasira, yaliyopuuzwa, na yaliyokawia kusemwa.

Tuanze na yanayojulikana. Filamu hiyo ilianza kuonyeshwa Marekani mnamo Novemba 1990. Aliyeiandika na kuitayarisha ni John Hughes, mwongozaji akiwa Chris Columbus, na muziki ukatungwa na John Williams. Bajeti yake ilikuwa takriban dola milioni 18. Kampuni ya Warner Bros., iliyokuwa na mradi huo hapo awali, ilijitoa kwa kuona gharama zinazidi; wenzao wa 20th Century Fox wakauchukua, nao wakavuna zaidi ya dola milioni 470 kote duniani. Mwaka wa 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Hata hivyo, fedha na heshima za aina hiyo hazinitoshi kuwa hoja. Ziko filamu zilizovuna mamilioni ambazo leo hakuna azikumbukaye hata jina.

Msomaji aliyelelewa kwa ngano anajua kwamba hadithi haiharibiki kwa kujulikana. Nani kati yetu alipoitikia "Pakawa!" hakuwa akijua tayari kwamba Sungura atamlaghai Fisi? Tulijua, na bado tuliiomba hadithi ile ile. Na bibi akithubutu kuruka kituko kimoja, tulimkatiza na kumrudisha nyuma. Raha yetu haikuwa katika kujua litakalotokea, bali katika kuona jinsi litakavyotokea, na kumpata msimulizi akiweka kila jambo mahali pake. Kevin McCallister, mvulana wa miaka 8 anayewashinda wezi wawili kwa mikebe ya rangi, vigari vya kuchezea na pasi ya umeme, ni Sungura wa kijiji cha theluji. Aliyemwigiza, Macaulay Culkin, alikuwa na umri wa miaka 9 filamu ilipopigwa. Sisi tuliokuwa rika lake, tuliomwona kwa mara ya kwanza katika kanda za video zilizokwisha kuchakaa kwa kukodishwa, tulimtambua mara moja ingawa hatukuwa tumewahi kuiona theluji.

Lakini tazama, ndugu msomaji, jinsi ajali yenyewe inavyotayarishwa. Kumwacha mtoto nyumbani na kuvuka bahari hadi Paris si jambo linaloaminika kirahisi, na mwandishi mvivu angetuambia tu kwamba wazazi walisahau. Hughes hakufanya hivyo. Usiku wa kuamkia safari, kaka mkubwa, Buzz, anaila piza aliyowekewa Kevin, Kevin anamrukia, maziwa yanamwagika mezani penye tikiti na pasipoti, baba anapangusa kwa karatasi, na anapozitupa karatasi zile zilizolowa, tikiti ya Kevin inakwenda nazo jalalani. Jambo hilo linapita kwa nukta chache tu. Mtazamaji wa mara ya kwanza yumo katika kuangalia ugomvi, wala halioni. Kevin anapelekwa kulala darini kwa adhabu. Usiku upepo unaangusha waya za umeme, saa ya kuwaamsha inazimika, na asubuhi nyumba nzima inaamka kwa kiwewe.

Hapo ndipo panapokuja tukio ambalo mimi, kama mwalimu, huliona kuwa moyo wa filamu. Binti mkubwa miongoni mwa binamu anatumwa kuwahesabu watoto kabla ya magari kuondoka. Anahesabu vichwa. Miongoni mwa vichwa hivyo kimo cha mtoto wa jirani, aliyevuka barabara kuja kuchungulia mizigo ya wenyewe na ambaye wakati huo amegeuza mgongo. Hesabu inatoka sawasawa: watoto 11, wavulana 5 na wasichana 6. Idadi imetimia, na mtoto hayupo.

Mwalimu aliyesimama mbele ya darasa la wanafunzi 60 hahitaji kufafanuliwa kichekesho hiki. Sote tumewahi kuita majina, tukasikia "Yupo!" kwa kila jina, tukaifunga rejista na kuamini kwamba tumejua nani yupo. Sauti iliyoitika ilikuwa ya nani, hatukuinua macho kutazama. Tena lau ingekosea jinsia, lau ingezidi kwa mtoto mmoja, hesabu ya binti yule ingewashtua. Iliwaponza kwa sababu ilikuwa sahihi. Wakishapaa, wazazi wameketi mbele katika viti vya daraja la kwanza na watoto wako nyuma. Mama ana wasiwasi kwamba kuna kitu amekisahau. Mumewe anamsaidia kukumbuka, na kinachomjia ni mlango wa gereji kwamba hawakuufunga. Jina la mtoto linakuja baada ya vyombo vya nyumba. Imeelezwa kwamba wazo la filamu lilimjia Hughes alipokuwa akijiandaa kwenda Ulaya na familia yake, akiandika orodha ya vitu asivyopaswa kusahau, ndipo likampitia kichwani kwamba heri asiwasahau watoto. Yaani filamu nzima imezaliwa na orodha.

Na kuhesabu hakuishii hapo. Mama anapopiga simu polisi kutoka Paris, anarushwa kutoka kwa afisa huyu hadi kwa yule, mmoja wao akiwa amekijaza kinywa kwa andazi. Mwishowe askari anatumwa, anabisha mlango, haoni mtu, naye anawaarifu wakubwa wake kwamba nyumba iko salama na kwamba waambiwe wahesabu watoto wao tena. Wahesabu tena! Hilo ndilo jibu la ofisi kwa mama anayelia. Yeyote aliyewahi kupeleka shida yake katika ofisi ya umma akaambiwa aende dirisha la pili atacheka hapa, tena atacheka kwa uchungu.

Sasa niingie katika shamba langu mwenyewe, nalo ni la lugha. Mwanafalsafa J. L. Austin wa Oxford, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka wa 1962 baada ya kifo chake, alitufunza kwamba kusema si kuarifu tu, bali ni kutenda. Anayeahidi, anayetaliki, anayelaani, anatenda jambo kwa kinywa. Ninapolifundisha somo hili mwaka wa kwanza, wanafunzi hunitolea mifano ya hakimu na kadhi. Mimi huwapa Kevin. Usiku ule ule wa maziwa, baada ya ami kumtusi mbele ya wote na dada kumwita asiyejimudu kwa neno la Kifaransa, mtoto anamwambia mamake kwamba hataki kuwaona tena. Mama anamwuliza kama hatahuzunika akiamka na kukuta hana familia. Mtoto anasema hapana. Basi mama anamwambia: sema tena, huenda ikawa kweli. Na mtoto anasema tena.

Sikio lililolelewa kwetu linashtuka hapo kabla hata ya umeme kukatika. Sisi hatumwambii mtoto arudie apizo. Tunamziba kinywa, tunamwambia ateme mate, tunasema "Mungu apishe mbali". Mama huyu, kwa uchovu wa safari na nyumba iliyojaa wageni, anampa mtoto ruhusa ya kulikamilisha tendo. Kulipokucha, mtoto anapokuta vyumba vitupu, hafikirii kwamba ameachwa, bali kwamba yeye ndiye aliyewatoweshea mbali kwa maneno yake. Kwanza anafurahi, anaruka juu ya vitanda. Furaha hiyo tuliyoishangilia tukiwa wadogo ni ya mtoto anayeamini kwamba neno lake limeua ukoo, na siku anapokwenda kwa Baba Krismasi wa mtaani kuomba zawadi, haombi kingine ila watu wake warudishwe. Apizo amelitamka mwenyewe. Anatafuta wa kulitangua.

Katika siku hizo za upweke mtoto anajifunza lugha ya watu wazima, na huo ni utamu mwingine usioisha. Dukani, mwanamke wa malipo anamsaili: mama yuko wapi, baba yuko wapi, unaishi wapi? Kevin anajibu moja baada ya jingine kwa utulivu wa wakili, na anapoulizwa anakoishi anasema hawezi kumwambia kwa kuwa ni mtu asiyemjua. Amekitwaa kile ambacho wazazi humfundisha mtoto ili kumlinda, akakigeuza kuwa kufuli la kumfungia mdomo mtu mzima. Na anapoagiza piza, hasemi yeye. Anaiachia televisheni iseme. Anacheza kanda ya filamu ya majambazi, sauti ya jambazi inamwamuru mleta piza atimke kabla ya kuhesabiwa hadi kumi, kisha jambazi anahesabu moja, mbili, na kurukia kumi. (Hesabu tena, na tena ni mbovu!) Watazamaji wengi waliamini kwamba filamu hiyo ya majambazi ni ya kweli, ya zamani. La hasha. Ilitengenezwa mahsusi kwa ajili ya Home Alone, na jina lake ni mzaha juu ya filamu halisi ya mwaka wa 1938, Angels with Dirty Faces. Mwanafunzi wa isimu atafakari: maneno yale hayana msemaji, hayamhusu mleta piza, wala hayakulengwa kwa yeyote aliye hai, na bado yanatenda kazi yake barabara. Kijana wa watu anakimbia.

Kisha yuko mzee Marley, jirani mwenye ndevu nyeupe. Buzz amewasimulia wadogo zake kwamba mzee huyo aliwaua jamaa zake kwa sepetu, na kwamba mabaki ya maiti anayahifadhi katika pipa la chumvi analolikokota usiku. Watoto wanachungulia dirishani na kumwona mzee kweli ana pipa, kweli ana sepetu, kweli ananyunyiza chumvi. Ushahidi wote umetimia! Katika nchi ya theluji, chumvi hunyunyizwa njiani ili barafu iyeyuke na wapita njia wasiteleze. Mzee anawatengenezea watu njia. Kitendo ni kile kile. Aliyekwisha kupewa hadithi ya mauaji anaona mauaji. Sijapata mfano mzuri kuliko huu wa kuwaeleza wanafunzi jinsi uvumi unavyoitangulia maana, na sihitaji kutaja ni mara ngapi katika nchi yetu mzee wa watu amehukumiwa kwa ushahidi wa namna ya pipa na chumvi.

Wawili hawa wanakutana kanisani mkesha wa Krismasi. Mzee amekuja kumsikiliza mjukuu wake akiimba kwaya, kwa kuwa nyumbani kwa mwanawe hakaribishwi. Kwa nini? Zamani waligombana, wakapandwa na hasira, naye akasema kwamba hataki kumwona tena. Mwana akajibu vivyo hivyo. Hawajasemezana tangu siku hiyo.

Ni sentensi ile ile! Ndiyo aliyoisema mtoto wa miaka 8 usiku wa maziwa. Nakiri kwamba nilikwisha kuitazama filamu hii mara nyingi utotoni bila kuyasikia maneno hayo mawili kuwa neno moja, na nisingeyasikia kamwe kama ningetii shauri la wasemao kutazama mara moja kunatosha. Mtoto aliyaishi maneno yake kwa siku chache, akatubu. Mzee ameyaishi miaka. Na mtoto ndiye anayempa mzee ushauri: ampigie simu mwanawe, angalau ajue. Mhusika huyu wa mzee, kwa bahati njema, aliongezwa na Columbus alipouchukua mswada wa Hughes. Bila yeye tungebaki na wezi na mitego, na huenda wenzangu wa chumba cha walimu wangekuwa na haki.

Siwanyimi haki yao yote. Mitego yenyewe ni mikali kupita kiasi. Mtu hapigwi na pasi usoni kutoka ghorofani, akachomwa utosi kwa moto wa gesi, kisha akasimama na kutukana. Kwa kweli wezi wale, Harry na Marv, walistahili kulala hospitalini au kaburini katika dakika za mwanzo. Mzazi anayetazama na watoto wadogo hana budi kuwaambia kwamba huo ni mchezo. Aidha, nyumba ile ya Winnetka, karibu na Chicago, ni ya watu wenye nafasi kubwa, na familia inayoweza kuwapeleka watu 15 Paris haifanani na nyingi za kwetu. Hayo nayakubali bila ubishi. Ninachokataa ni kudhani kwamba mitego ndiyo filamu. Sehemu hiyo ni ya mwisho na ni fupi kuliko tunavyoikumbuka. Kabla yake tumekaa muda mrefu na mtoto anayenunua maziwa na mayai, anayefua nguo, anayelikemea tanuri la chini ya nyumba lililokuwa likimtisha.

Nami kila mwaka ninavyozidi kuwa mzazi, ninazidi kumtazama mama, aliyeigizwa na Catherine O'Hara. Huko Paris anaambiwa hakuna nafasi ya ndege hadi Ijumaa. Baba anabaki na watoto wengine kungojea. Yeye anakataa, anamtolea bibi mmoja uwanjani fedha, saa na mapambo yake ili apewe tikiti. Anafika Dallas, kisha Scranton, na hapo njia inakatika, hadi anapookotwa na wapiga muziki wa polka wanaosafiri kwa gari la mizigo. Kiongozi wao, Gus, ni John Candy, aliyeigiza sehemu yake yote kwa siku moja tu. Ili kumfariji, Gus anamweleza kwamba hata yeye aliwahi kumsahau mwanawe, tena alimwacha siku nzima na maiti katika nyumba ya matanga. Lakini mtoto alikuwa salama, anasema. Baada ya wiki sita au saba alianza kuzungumza tena. Tazama uso wa mama anapolisikia hilo la kuzungumza tena. Mwandishi ameficha msiba wote katika kijineno kimoja, na Candy anakitamka kana kwamba anasoma hali ya hewa.

Mama anafika asubuhi ya Krismasi. Dakika chache baadaye mlango unafunguliwa, na baba anaingia na ukoo wote: walingoja, wakapanda ndege ya Ijumaa ambayo yeye hakutaka kuingojea. Vito vyake vyote, na usiku mzima garini na wapiga polka, vimemnunulia dakika hizo chache tu. Wanafunzi wangu hucheka hapo, na wanastahili kucheka. Ila ni katika dakika hizo, nyumba ikiwa bado kimya, ambapo mama anasimama mbele ya mtoto na kusema kwamba anasikitika kwa yote. Mtoto anamtazama kwanza bila kusema neno. Kisha anamkimbilia. Walipoingia wale wengine na kelele zao, jambo lilikuwa limekwisha kutendeka.

Wanamwuliza alifanya nini siku zote hizo. Anawaambia alikwenda dukani, akanunua maziwa, mayai na dawa ya kulainisha nguo. Wanastaajabu kwamba alikwenda dukani. Juu ya wezi, na juu ya mzee aliyekuja na sepetu lile lile la uvumi kumwokoa mikononi mwao, hasemi hata neno. Baba anaokota jino la dhahabu sakafuni, asijue ni la nani. Kevin amekwisha kuwaacha. Yuko dirishani, anamwangalia mzee Marley kwenye theluji akimkumbatia mjukuu wake, mwanawe akiwa kando yake. Mzee anainua mkono. Mtoto anainua wake. Juu ghorofani Buzz anapaza sauti kuuliza chumba chake kimefanywa nini.